Kiti cha Laini Saba na Boksi ya Tisa

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa mtaimbo na karatasi, nikaambiwa nifungue kreti nihesabu gari. Nilikuwa nimevaa viatu vya kisigino nilivyoazima kwa jirani yangu wa Kianda, Kibera, kwa sababu barua ya ajira ilisema karani, na mimi nilidhani karani hukaa mezani. Kreti lenyewe lilikuwa refu kuliko chumba nilichopanga. Ndani mlikuwa na milango, madigadi, injini iliyofungwa kwa nailoni, na skrubu katika vifuko vyenye namba. Afisa wa Ghala, bwana mfupi aliyevaa koti jeupe kama daktari, alinitazama nikihangaika na misumari, kisha akaniuliza swali.

"Madam, gari ni nini?"

"Ni injini na magurudumu manne, Mkubwa."

"Hapana. Gari ni karatasi. Chuma inafuata nyuma. Karatasi ikipotea, hii yote unaona hapa ni skrepa."

Nilicheka nikidhani ananitania. Hakuwa akinitania, na laiti ningelimsikiliza vizuri siku ile, kuna watu ambao nisingewatia hasara.

Ninyi vijana mnaoingia kazini sasa mnasikia serikali ikitangaza nafuu kwa wanaotengeneza magari humu nchini, mnadhani ni jambo lililozaliwa juzi pamoja na pikipiki za umeme. Mimi nimelila jambo hilo asubuhi na jioni tangu ujana wangu mpaka nilipostaafu. Mpango wenyewe ni rahisi kuueleza. Gari likiingia bandarini likiwa zima, linalipa ushuru kamili. Likiingia likiwa vipande katika makreti, likaja kuunganishwa na mikono ya Wakenya, ushuru unapunguzwa. Makreti hayo tuliyaita CKD, na sijawahi kumsikia mtu yeyote kazini akiyaita jina lingine. Lakini nafuu hiyo ina sharti. Kuna vitu ambavyo havitakiwi kuwemo katika kreti, kwa sababu vinaweza kutengenezwa hapa hapa: viti, betri, springi, ekzosi, na vingine. Vitu hivyo viliandikwa katika Orodha. Kiwanda kikitaka nafuu, lazima kivinunue humu nchini, na lazima mtu wa serikali athibitishe kwamba kweli vimetengenezwa humu. Mtu huyo, baada ya miaka minne ya kuhesabu skrubu ghalani, nikawa mimi.

Niliupenda mpango huo, niseme ukweli. Nilitoka Bungoma nikiwa na ndugu watatu wasio na kazi, na mtu akikuambia kwamba kiti kimoja cha pikapu kinaweza kumlisha fundi wa kuchomelea, fundi wa kushona na mkata sponji, unamwamini kwa sababu unataka kumwamini.

Kituo changu cha pili kikawa Ukaguzi wa Vipuri. Mkuu wangu huko alikuwa Naibu Mkaguzi Mkuu, mtu mpole, mnene, aliyeweka mihuri yake mitano katika boksi la viatu na kuipanga kila asubuhi. Yeye ndiye aliyenifundisha kukagua kiti, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Unabonyeza sponji kwa kidole gumba, unakitoa, unahesabu polepole. Ikichelewa kurudi, hiyo ni sponji ya magodoro mabovu na dereva ataumwa mgongo. Unageuza kiti, unatazama fremu mahali chuma kinapokutana na chuma, maana welda mvivu hujificha chini. Unachukua kipande cha kitambaa, unakigusa kwa kiberiti. Kikizima chenyewe, sawa, kikiendelea kuwaka, kinarudi kilikotoka. Mwisho unahesabu mishono kwa rula. Mshono wa mbali mbali hupendeza macho lakini ukikaliwa mwaka mmoja unafumuka.

Shida haikuwa kiti. Shida ilikuwa Orodha, ambayo ilibadilishwa kila mwezi wa sita bajeti ikisomwa. Mwaka mmoja viti vyote vilikuwa ndani ya Orodha. Mwaka uliofuata vikabaki viti visivyo na egemeo la kichwa, vile vyenye egemeo vikaruhusiwa kutoka nje. Hakuna aliyeweza kunieleza sababu. Viwanda vikaacha kununua viti hapa, vikaagiza vyenye egemeo. Mwaka wa tatu egemeo likarudishwa, na mafundi waliokuwa wameshauza vyerehani wakaambiwa warudi kazini. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Nilipomuuliza Naibu Mkaguzi Mkuu ni nani anayeandika mambo haya, aliangalia dari.

"Madam, hii kitu inatoka juu."

"Juu wapi, Mkubwa?"

"Juu," akasema, akaendelea kupanga mihuri.

Sasa niwaeleze kuhusu Fundi Odhiambo, kwa sababu bila yeye nisingekuwa na la kuandika.

Miaka hiyo nilikuwa natembea kwa miguu kutoka Kianda hadi Industrial Area, nikifuata reli, kama walivyofanya watu wengi wa Kibera na wanavyofanya hadi leo. Reli inapita Laini Saba, na hapo kando yake, kati ya kibanda cha muuza makaa na kinyozi, Odhiambo alikuwa na karakana ya mabati. Alitoka Siaya, akajifunza kushona viti vya mabasi, kisha akaajiri wenzake mmoja mmoja mpaka wakawa kumi na mmoja. Nilikuwa nasimama asubuhi kutazama. Alikuwa na jigi, yaani umbo la chuma kizito ambalo juu yake bomba la fremu hukunjwa ili kila kiti kitoke sawa na mwenzake. Jigi hizo alizitengeneza mwenyewe, kwa jicho na kamba. Siku moja nilibonyeza sponji yake kwa kidole gumba nikipita tu, kama mtu anavyopapasa nyanya sokoni, na ilirudi kabla sijahesabu mbili.

Kumbe sikuwa peke yangu niliyeona. Meneja wa Ununuzi wa kiwanda kimoja cha kuunganisha pikapu alivipeleka viti viwili vya fundi huyo barabarani, barabara mbovu kabisa, akavilinganisha na vya nje. Vya Odhiambo vikashinda. Kiwanda kikasema kiko tayari kununua vyote atakavyotengeneza, ila kwa sharti moja: viwe na cheti cha asili kutoka ofisi yetu, maana bila cheti hakuna nafuu.

Cheti hicho kilianza na fomu, na fomu ilikuwa na boksi kumi na nne. Boksi ya tisa iliuliza namba ya ploti, yaani kiwanja, ambapo kipuri kimetengenezwa.

Odhiambo alinisubiri kando ya reli, fomu ikiwa imekunjwa ndani ya gazeti.

"Madam, hizi zingine nimejaza. Hii ya tisa niandike nini? Sisi huku hatuna ploti namba."

"Hakuna namba yoyote?"

"Iko moja tu. Ile watu wa reli walichora na rangi nyekundu kwa mabati, wakati walikuja kupima kando ya reli."

"Hiyo si ya kubomolewa?"

"Ndiyo hiyo. Lakini si ni namba?"

Aliiandika hiyo hiyo, na fomu ikarudishwa. Ardhi ya Kibera, kama mjuavyo, ni mambo ya kale yasiyoisha. Watu wamezaliwa humo, wamezeeka humo, na hakuna anayeweza kukuonyesha hati. Kwa macho ya boksi ya tisa, Laini Saba haikuwepo duniani.

Aliyewaokoa alikuwa Mzee Njuguna wa Kawangware. Huyu alikuwa mzee wa kanisa, mwenye ploti aliyorithi kwa baba yake, iliyojaa vyumba vya kupangisha, na hati yake ilikuwa imewekwa katika fremu ya kioo sebuleni, juu kuliko picha ya harusi. Alimpangishia Odhiambo stoo moja. Fomu ikajazwa namba ya Kawangware, ikapita. Kuanzia hapo, kila Jumanne, mikokoteni miwili ilitoka Laini Saba imebeba viti, ikakatiza Kibera yote, ikapita mbele ya mlango wangu Kianda, ikapanda hadi Kawangware. Viti vikashushwa stooni, vikakaa siku mbili, vikatiwa muhuri, kisha lori likavichukua likavipeleka Industrial Area, ambayo, kwa msiojua, iko upande ule mwingine kabisa. Wale wasukuma mkokoteni walikuwa na neno lao. Ukiwauliza wanakwenda wapi, walijibu, "Tunapeleka viti kuchukua kitambulisho."

Niliyaona hayo kila Jumanne kwa karibu miaka miwili. Sikusema kitu, kwa sababu stoo ya Kawangware haikuwa katika eneo langu la ukaguzi. Hivyo ndivyo mtumishi wa serikali anavyolala usingizi.

Kisha akaja Mkurugenzi mpya. Alikuwa kijana kuliko sisi sote, amesoma ng'ambo, na hotuba yake ya kwanza aliitoa amesimama katikati yetu bila kipaza sauti.

"Nataka mniambie ukweli," alisema. "Kila kipuri, mniandikie kimetengenezwa wapi hasa. Mkificha, hata mimi sitaweza kurekebisha. Mkiniambia, nitarekebisha."

Nilimpenda siku hiyo hiyo. Maeneo yakagawanywa upya, na Kawangware ikaniangukia mimi.

Nilikwenda. Mzee Njuguna alinifungulia stoo akiwa amevaa koti lake la kanisani. Ndani mlikuwa na viti vya pikapu vimepangwa hadi darini, cherehani moja isiyo na sindano, na kuku aliyekuwa ameatamia juu ya kiti cha dereva. Stima haikuwemo.

"Mzee, viti vinatengenezwa hapa?"

"Madam, hii ploti ni yangu, ya baba, na ya guka, babu yangu. Hakuna mtu anaweza kusema si yangu."

"Sijauliza ploti ni ya nani."

"Lakini fomu imeuliza ploti," alisema, bila ubishi wowote, kama mtu anayemkumbusha mwenzake sala.

Niliporudi ofisini Naibu Mkaguzi Mkuu aliniita. Alikuwa ananijua vizuri.

"Umekuta viti?"

"Nimekuta."

"Ni vizuri?"

"Ni vizuri kuliko vyote tulivyo navyo."

"Basi andika umekuta viti, na ni vizuri. Usiandike ingine."

"Mkurugenzi ametaka ukweli, Mkubwa."

Alifunga boksi lake la mihuri. "Huyo atakaa hapa miaka miwili, aende mahali kukubwa. Wewe na Odhiambo mtabaki."

Sikumsikiliza. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa, nimechoka na uongo wa mikokoteni, na nilijiona nina nafasi ya kufanya jambo moja zuri maishani. Niliandika kurasa mbili. Nilieleza kwamba viti hivi vinatengenezwa Laini Saba, Kibera, na mafundi kumi na mmoja, Wakenya wote. Kwamba chuma kinanunuliwa hapa, sponji hapa, uzi hapa. Kwamba hakuna kipuri katika gari lile chenye Ukenya zaidi kuliko kiti hicho. Niliomba boksi ya tisa ibadilishwe. Niliisoma mara tatu nikaona ni kazi bora niliyowahi kuandika. Sikumwonyesha Odhiambo. Nilitaka kumletea habari njema ikiwa imeiva.

Mkurugenzi aliisoma nikiwa nimesimama mbele yake, akanipa mkono. "Madam, hii ndiyo kazi," alisema. Akaandika juu yake, kwa kalamu ya kijani: Sheria ifuatwe.

Sheria ikafuatwa. Sheria ilisema kipuri kisicho na namba ya ploti asili yake haijulikani, na kipuri ambacho asili yake haijulikani kinahesabiwa kuwa kimetoka nje ya nchi. Cheti kikafutwa. Kabla mwezi haujaisha, Meneja wa Ununuzi akamwandikia Odhiambo barua ya heshima sana, ya kumshukuru.

Mngedhani habari iliishia hapo. Haikuishia hapo, kwa sababu kiwanda bado kilihitaji viti vyenye cheti, kikampata muuzaji mwingine, tajiri, mwenye godauni Industrial Area. Nilitumwa mimi kumkagua. Viti vyake vilikuwa vimefika vikiwa vizima, katika makatoni yenye maandishi ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kuyasoma. Vijana wanne walikuwa wanavua plastiki na kubandika lebo nyuma ya kila kiti. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yote. Nilibonyeza sponji kwa kidole gumba nikahesabu, nikahesabu, shimo la kidole likabaki pale linanitazama. Nikarudi kwa Naibu Mkaguzi Mkuu.

"Mkubwa, vile si viti vya hapa. Vimetoka nje hata plastiki havijavuliwa."

"Boksi ya tisa imejazwa?"

"Imejazwa."

"Ploti iko?"

"Iko."

"Basi ni vya Kenya," akasema, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba na yeye ana uchungu. Hakuniambia kwamba alinionya. Ningependa angeniambia.

Niliandika ripoti nyingine kali kuliko ile ya kwanza. Haikupata hata kalamu ya kijani.

Kwenda kumwambia Odhiambo ilinichukua wiki nzima. Nilikuwa nazunguka mbali, nikipitia barabara ya juu ili nisipite reli, mtu mzima mimi, najificha. Nilipokwenda hatimaye nilimkuta anauza jigi zake kwa mtu wa skrepa. Zile jigi alizozitengeneza kwa jicho na kamba zilikuwa juu ya mizani, zinapimwa kwa kilo. Mafundi sita walikuwa wamekwishaondoka. Nilimweleza yote, kuanzia hotuba ya Mkurugenzi hadi kurasa zangu mbili. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika kamba ya mizani.

"Madam, najua ulitaka kutusaidia," alisema.

"Nilitaka, Fundi. Naapa."

"Najua. Lakini ungeniuliza kwanza."

Aliyasema bila kupandisha sauti. Alibakisha jigi moja tu, ya kiti cha dereva, ambayo mtu wa skrepa alisema ni nzito kubeba. Akaanza kutengeneza masofa na viti vya makanisa, na tukaendelea kusalimiana. Lakini nimeishi na maneno yale matatu miaka yote hii. Nilikuwa nimekwenda shule, nimekagua mamia ya viti, nimeandika ukweli mtupu, na haikunijia hata siku moja kwamba mwenye kiti ndiye wa kuulizwa kama anataka ukweli wake uandikwe.

Mkurugenzi alikaa miaka miwili akaenda mahali kukubwa.

Miaka iliyobaki ya kazi yangu niliitumia kupigana na boksi ya tisa, na nitawaeleza kwa ufupi kwa sababu vita vyenyewe havina utamu. Mkurugenzi wa pili aliniambia suala hilo ni la ardhi, niende kwa watu wa ardhi. Watu wa ardhi waliniambia ni la biashara. Mkurugenzi wa tatu aliunda kamati, nami nikawa katibu wake; tulikutana mara nyingi, tukanywa chai nyingi, na mwenyekiti akapandishwa cheo kwa sababu ya kuwa mwenyekiti. Mkurugenzi wa nne, mama mmoja mkali asiyependa maneno, aliisoma barua yangu kwa dakika tano, akaniuliza, "Ni hii tu?" akatia sahihi. Ni kweli, ilikuwa hiyo tu. Boksi ya tisa ikabadilishwa: namba ya ploti, au maelezo ya mahali panapojulikana. Nililia chooni. Ilikuwa imebaki mwaka mmoja nistaafu.

Miezi mitatu baadaye fomu za karatasi zikafutwa, kila kitu kikahamia kwenye mtandao. Niliifungua fomu mpya siku ya kwanza, nikashuka hadi boksi ya tisa. Maneno yote yalikuwepo, kama mama yule alivyoyatia sahihi. Nikaandika: Laini Saba, kando ya reli, karibu na muuza makaa. Mashine ikakataa. Nikaandika tena. Ikakataa, ikaniletea ujumbe mwekundu: Weka tarakimu pekee. Nilimwita kijana aliyeitengeneza, kijana mzuri, mwenye adabu.

"Madam, hiyo field, hapo mahali pa kujaza, ilikuwa ya namba tangu kitambo, so tuliacha tu vile ilikuwa."

"Lakini imeandikwa maelezo."

"Maandishi tulibadilisha. Ni field hatukubadilisha. Andika tiketi, tutaangalia."

Niliandika tiketi, yaani ombi la kurekebishwa. Niliandika tiketi hadi siku ya kuagwa kwangu, ambapo nilipewa saa ya ukutani, keki, na hotuba iliyosema nimekuwa nguzo. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wanasema, na langu lilikuwa limeshapata vidonda ambavyo daktari aliviona kwa picha.

Kiinua mgongo changu nilinunua nacho ekari moja na nusu kwetu Bungoma. Mimi mwenyewe bado napanga Kianda, maana ndiko maisha yangu yaliko, lakini shamba lipo, ndugu yangu analima mahindi, na hati yake iko chini ya kitanda changu ndani ya mkoba wa plastiki. Sijaitia kwenye fremu. Mzee Njuguna angenisikitikia.

Sasa sikilizeni kilichotokea majuzi. Serikali imetangaza nafuu tena, safari hii kwa wanaounganisha pikipiki za umeme. Orodha imerudi, na viti vimo. Akinyi, binti wa Fundi Odhiambo, mama wa watoto wawili, ndiye anayeendesha karakana ya Laini Saba siku hizi; anashona viti vya bodaboda, na ile jigi moja iliyobaki hutumika kuzuia mlango usifungwe na upepo. Kampuni moja ya pikipiki imeviona viti vyake, ikavipenda, na inataka cheti cha asili. Alikuja kwangu Jumamosi mchana na simu mkononi, akaketi kitandani bila kukaribishwa, kama mtu wa nyumbani.

"Anti, niaje. Hii kitu inanisumbua. Nimejaza zote, inakataa moja."

Sikuhitaji kuuliza ni ipi.

"Nimejaribu kuandika Kibera, imekataa. Nimeandika Laini Saba, imekataa. Nimeweka hata namba ya mita ya stima, inasema haipatikani kwa rekodi. Na deadline ni Jumatatu. Nikikosa, wanachukua viti za mtu wa godauni."

"Hakuna mtu Kawangware?"

"Yule mzee alikufa. Watoto wake wamejenga gorofa. Hawana stoo, na wanauliza deposit ya miezi sita."

Mwanzo nilijaribu kwa njia yangu: nikampigia simu mtu mmoja aliyebaki ofisini, akaniambia niandike tiketi. Hapo nikahisi kitu kikikatika ndani yangu. Sikuwa na huzuni, nilikuwa nimechoka tu, uchovu wa mtu aliyebeba mzigo wa haki miaka yote na kufika nao mlango uliofungwa. Nikainama, nikavuta mkoba wa plastiki kutoka chini ya kitanda.

Akinyi aliiona hati akaelewa mara moja. "Anti, hiyo ni shamba yako ya Bungoma."

"Ni ploti," nikasema. "Ina namba."

"Si ni uongo hiyo?"

"Ni uongo. Ngoja."

Nikampigia baba yake. Yuko Siaya sasa, miguu inamsumbua, lakini sauti ni ile ile. Nilimweleza jambo lote, boksi kwa boksi, nikamwambia kwamba, kwa kuwa mashine inakataa ukweli, viti vya Akinyi vitahesabiwa kuwa vinashonwa katika shamba la mahindi, na mkaguzi akienda huko atamkuta ndugu yangu na ng'ombe wawili, na tukikamatwa, jina litakaloharibika ni la Akinyi pamoja na langu.

"Fundi," nikasema, "safari hii nauliza kwanza."

Nikasikia kuku wa kwake wakilia. Kisha akacheka kidogo, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu siku za mikokoteni.

"Muulize Akinyi, Madam. Mimi viti zangu ziliisha. Hizi ni zake."

Nikamgeukia. Akinyi alikuwa amekwishashika simu tayari, kidole juu ya boksi ya tisa.

"Soma, Anti," alisema.

Nikamsomea, tarakimu moja moja, nikiwa nimevaa miwani. Alipobonyeza, mashine haikusita hata kidogo. Ujumbe mwekundu ukaondoka, ukaja wa kijani: Asili ya kipuri, Kenya.

Mkitaka kunipokonya pensheni kwa haya niliyoyaandika, niko Kianda, mnipate. Kutoka kwangu mtu yeyote anaweza kutembea hadi Laini Saba, akaona mabati, akasikia cherehani, akabonyeza sponji kwa kidole gumba ahesabu mwenyewe. Mimi niliandika hivyo hivyo, kurasa mbili, zikafunga karakana. Ilinibidi nizeeke, ninunue shamba nisiloishi, niseme uongo, ndipo serikali yangu ikubali kwamba kiti cha Laini Saba ni cha Kenya.